Ruhusa ya kuzika ipo, ya kuuguza hakuna

Mtanzania aliyeajiriwa akifiwa na mama yake, kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa likizo ya siku nne yenye malipo. Mama huyohuyo akipata kiharusi na kulala kitandani mwaka mzima, kifungu hicho hakimpi mwanawe hata siku moja. Ugonjwa unaotajwa pale ni wa mtoto tu. Mzazi na mwenzi wanaingia kwenye sheria wakishakuwa marehemu. Tena siku nne hizo ni za mzunguko wa miezi 36, ufiwe mara moja au mara tatu.

Marekebisho ya mwaka 2025 yameleta likizo ya dharura isiyozidi siku 30, ila haina malipo. Anayenunua pampasi za watu wazima na kukodi bajaji kwenda kliniki anajua thamani ya likizo ya aina hiyo.

Kuuguza nyumbani ni kazi. Mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, hata usiku wa manane, la sivyo mgongo na makalio huchubuka na kuwa vidonda. Huinuliwa akalishwa uji kijiko kwa kijiko ili asipaliwe. Mara nyingi haya huachiwa binti au mkwe, "si yupo tu nyumbani", kama wanaukoo wanavyopenda kusema. Wengi wao hawakuwa nyumbani tu. Waliacha kazi au waliuza genge. Ndugu walio mbali hutuma hela, na hela zinasaidia, tusiwabeze. Lakini muamala wa simu haumgeuzi mgonjwa.

Mbona hatuwasikii wanaouguza? Wametenganishwa na maradhi. Wa saratani hukutana kwenye mabenchi ya hospitali ya Ocean Road, wazazi wa watoto wenye usonji wana makundi yao ya WhatsApp, wa kiharusi kila mmoja yuko kivyake. Kila kundi likibisha hodi wizarani huomba la kwake, dawa au vifaa, na hujibiwa kuwa bajeti ni finyu. Suala la muda wa kuuguza halina mwenyewe.

Njia ya kulipatia mwenyewe tumeshaiona. Likizo ya mama aliyejifungua mtoto njiti ilidaiwa kwa miaka. Taasisi ya Doris Mollel haikuliachia jambo hilo, likafika bungeni, na mwaka 2025 sheria ikabadilishwa. Lilikuwa ombi moja, fupi, ambalo hata asiyewahi kuona njiti alilielewa.

Basi SHIVYAWATA ya watu wenye ulemavu, vyama vya wagonjwa, mabaraza ya wazee, na taasisi za dini BAKWATA, CCT na TEC wakae meza moja na TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, wadai hivi: ugonjwa wa mzazi na wa mwenzi uingie kifungu cha 34, na siku zake zisichanganywe na za msiba. Chama cha Waajiri nacho kiitwe tangu siku ya kwanza. Waajiri wanalipia jambo hili tayari, kwa mfanyakazi anayeaga kuwa tumbo linamuuma kumbe yuko wodini na baba yake.

Mama ntilie hana mwajiri wa kumwomba ruhusa, na wanaouguza walio kama yeye ni wengi kuliko wenye mikataba. Wakiachwa nje, muungano huo utakuwa klabu ya wenye ajira. Wao wadai kwa halmashauri: wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa mwaka 2024, wafike hadi kitandani, wamfundishe anayeuguza kumgeuza mgonjwa na wakague vidonda.

Risala ya Mei Mosi kwa kawaida hutawaliwa na mishahara na kikokotoo cha pensheni. Ijayo, TUCTA iweke dai hili ukurasa wa kwanza, kabla mgeni rasmi hajaanza kutazama saa.