Ilani ya Mafundi wa Kerneli

Kila simu ya Android, iwe Mtwara au Malindi, Bujumbura au Goma, inaendeshwa na kerneli ya Linux. Muuza mitumba anapopokea malipo kwa simu, chini ya ile programu ya malipo ipo kerneli inayogawa muda wa prosesa, inayozuia programu moja isichungulie kumbukumbu ya nyingine, na inayoandika data kwenye chipu ya hifadhi. Msimbo wake uko wazi. Linus Torvalds aliutoa mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, na mwaka uliofuata akauweka chini ya leseni ya GPL, inayompa kila mtu haki ya kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Haki hiyo ni yetu pia, na wengi wetu hatujawahi kuigusa. Tunaitumia kerneli usiku na mchana, lakini kasoro zake zinapojadiliwa sauti zetu hazisikiki.

Sisi tunaotoa ilani hii ni mafundi simu, wasimamizi wa seva, walimu na wanafunzi wa kompyuta. Tumekubaliana jambo moja: hitilafu ya kerneli inayotupata sisi, tuifuatilie sisi wenyewe mpaka kwenye mstari wa msimbo unaoisababisha, tuiripoti kwa ushahidi, na tushiriki kuitengeneza.

Tuanze na umeme. Mwishoni mwa 2008 mfumo wa faili wa ext4 ulitangazwa kuwa tayari kwa matumizi. Ili uende kasi, uliahirisha kupanga nafasi ya data kwenye diski, hivyo data iliweza kukaa kwenye kumbukumbu kwa nusu dakika na zaidi, wakati mtangulizi wake, ext3, kwa kawaida alikuwa akiandika kila baada ya sekunde 5. Programu nyingi zilikuwa na mazoea ya kuandika faili jipya, kisha kulibandika jina la faili la zamani. Ndani ya ext4 jina likawa linafika diskini kabla ya data. Mashine ikizimika ghafla katikati ya hapo, mwenyewe anaiwasha na kukuta faili lipo, jina lipo, ukubwa ni baiti sifuri. Mapema 2009 watumiaji walilalamika, na mjadala ukawa mkali, kwa kuwa kwa mujibu wa kiwango cha POSIX kerneli haikuwa na kosa; programu ndizo zilizopaswa kuita fsync, yaani kuiagiza kerneli iandike data diskini papo hapo. Theodore Ts'o, mtunzaji wa ext4, alilieleza hilo bila kificho, na bado aliandika viraka vya kuifanya ext4 iharakishe kuandika data pindi faili jipya linapochukua jina la lile la zamani. Viraka hivyo viliingia katika toleo la 2.6.30.

Waliosikilizwa ni wale waliosema. Kwetu umeme hukatika bila hodi, na hasara ya namna ile ilitupata kuliko wengi. Tulifanya nini? Tulisema kompyuta imeharibika, fundi akaifomati, na ushahidi wote ukaondoka na diski.

Kwa hiyo tunaanza kwa kuacha kufuta ushahidi. Kerneli ikijikwaa huandika maelezo marefu yaitwayo oops. Kwenye kompyuta za Intel na AMD humo mna mstari wa RIP, unaotaja jina la fanksheni na umbali ndani yake, kwa baiti, mahali prosesa ilipokwama. Chini yake kuna orodha ya fanksheni zilizoitana hadi kufikia hapo. Kuna pia alama ya "Tainted", inayoonyesha, pamoja na mengine, kwamba kerneli imepakiwa moduli isiyo na msimbo wazi. Kwenye simu, maelezo hayo yanaweza kubaki ndani ya pstore, hifadhi ya kerneli ya kumbukumbu za ajali, hata baada ya simu kujiwasha upya, endapo mtengenezaji ameiwezesha. Tutafundishana kuyasoma, na kuyatuma yote bila kukata wala kupamba, pamoja na ile alama ya moduli. Mficha uchi hazai.

Baada ya ushahidi inakuja kazi ya kutafuta, na hapa ndipo tunapotaka vijana wetu wazamie. Kila baada ya wiki 9 au 10 linatoka toleo jipya la kerneli, likiwa na mabadiliko zaidi ya 10,000. Kama kadi ya mtandao ilifanya kazi kwenye toleo lililopita na sasa haifanyi, kosa limo kati ya hayo mabadiliko. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, ambayo Torvalds aliiandika mwaka 2005 kwa ajili ya kerneli yenyewe, ina amri ya bisect: inakupa toleo la katikati, unalijenga, unaliwasha, unajibu zuri au baya, nayo inatupa nusu isiyohusika. Kwa duru zipatazo 14 unabaki na badiliko moja, lenye jina la aliyeliandika na sababu aliyoitoa. Mtu asiyejua hata mstari mmoja wa lugha ya C anaweza kuifanya kazi hiyo, na mtunzaji ataipokea kwa shukrani kuliko malalamiko ya kurasa kumi. Kwenye laptopu kuukuu kujenga kerneli nzima kunaweza kula usiku kucha. Ndiyo maana tutafundisha pia make localmodconfig, inayobakiza moduli zinazotumika kwenye mashine hiyo tu, na QEMU, ya kujaribia kerneli bila kuhatarisha kompyuta ya mtu.

Watunzaji wa kerneli wana kanuni tunayoiheshimu sana: badiliko likivunja programu iliyokuwa ikimfanyia mtumiaji kazi, kosa ni la kerneli. Kanuni hiyo inamkinga mwenye mashine ya kizamani Kigoma sawa na kampuni kubwa ya Marekani. Sharti lake ni kwamba huyo wa Kigoma aseme.

Tuna dai pia. Leseni ya GPL toleo la 2 inamtaka anayesambaza kerneli iliyokwisha kujengwa aambatanishe msimbo wake, au atoe ahadi ya maandishi, inayodumu miaka isiyopungua 3, ya kumpa msimbo huo yeyote atakayeuomba kwa gharama isiyozidi ya kuusafirisha. Wenzetu wameuulizia msimbo wa simu madukani na kwa wasambazaji, wakaishia kuzungushwa. Tutauliza tena, kwa maandishi na kwa heshima, modeli moja baada ya nyingine, na tutakachopewa tutakihifadhi ili fundi yeyote akipate. Bila msimbo huo, simu iliyoachwa na mtengenezaji wake haina wa kuitibu. Oktoba 2016 ilitangazwa kasoro ya usalama ya kerneli iitwayo Dirty COW, iliyokuwamo tangu 2007. Phil Oester, msimamizi wa seva, aliigundua kwa sababu alikuwa na desturi ya kurekodi mawasiliano yanayoingia kwenye seva. Kiraka kikatoka hadharani. Android nayo iliguswa, na simu ambazo hazikuletewa kiraka hicho zilibaki wazi mikononi mwa wenyewe.

Ndani ya nyaraka za kerneli kuna tafsiri za Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitalia na Kihispania. Kiswahili hakimo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, kwa hiyo hakuna wa kutuambia haiwezekani. Tutaanza na waraka wa kuripoti hitilafu.

Hatutahesabu viraka vya kurekebisha tahajia kuwa ushindi wetu, wala hatutamsaidia mtu kutuma alichonakili. Kila kiraka hubeba mstari wa Signed-off-by, utaratibu ulioanza 2004 baada ya kesi ya kampuni ya SCO kuhusu umiliki wa msimbo wa Linux; anayeuandika anathibitisha kwamba ana haki ya kukitoa. Kiraka cha kwanza huenda kikarudishwa, pengine kwa maneno makavu. Kirekebishwe, kitumwe tena.

Kujiunga hakuna ada wala fomu. Anayekuja aje na hitilafu moja anayoishi nayo: toleo la kerneli kama linavyoonyeshwa na uname -r, jina la kifaa, alichokuwa akifanya, na logi nzima. Tutakaa naye mpaka tujue imetokea kwenye faili gani la msimbo na nani ametajwa ndani ya MAINTAINERS, faili la kerneli lenye majina ya watunzaji, kuwa mtunzaji wake. Barua itakwenda kwa jina la aliyeileta hitilafu hiyo, si kwa jina la kundi.