Jua na hewa vinavyokula mipira ya maji Kilosa

Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ni marufuku nchini. Lakini kuanzia Kilosa mjini mpaka Mikumi, plastiki nyingine bado tunaihitaji: mipira ya kumwagilia, mabomba, matenki. Swali ni moja tu: inadumu?

Joto na jua kali hukata minyororo mirefu ya molekuli za plastiki. Oksijeni ya hewani hujishika pale palipokatika na kuendeleza uharibifu. Matokeo unayajua: mpira unapauka, unakakamaa, unapasuka. Mkulima anaingia tena mfukoni, na ule wa zamani unakuwa taka.

Dawa ipo. Viwandani huchanganya masizi ya kaboni ya kuzuia mionzi ya jua, na kemikali za kuzuia oksijeni isishambulie. Ndiyo maana mabomba mengi ya maji ni meusi. Ila weusi peke yake si ushahidi wa ubora, kwa hiyo kabla hujalipa angalia alama ya TBS. Ukishanunua, bomba lifukie, mpira uanike kivulini.

Marufuku ililenga plastiki ya kutumia dakika chache. Sasa tuibane ile inayouzwa kwa ahadi ya miaka mingi, ifike kweli.