Nani Ashike Kalenda ya Uchaguzi?

Ukitaka kujua kama mtihani ni wa haki, usianze kwa kutazama maswali. Tazama kwanza tarehe. Chuoni tulikofunzwa ualimu tuliambiwa kwamba maswali yaweza kuwa magumu na bado mtihani ukawa wa haki, maadamu kila mtahiniwa amejua mapema siku atakayoketi. Lakini tarehe ikijulikana na mtahiniwa mmoja tu, tena yeye mwenyewe ndiye anayeipanga, hapo hakuna mtihani. Watoto wa darasa la tano hulielewa jambo hili bila kuelezwa mara mbili. Wakubwa wetu wenye shahada bado wanahitaji kuelezwa.

Ninalodai ni hili. Siku ya kupiga kura, iwe ya uchaguzi mkuu, ya mchujo wa vyama au ya uchaguzi mdogo wa kujaza kiti kilichobaki wazi, isiwe mali ya mtu yeyote mwenye faida au hasara katika matokeo yake. Iandikwe katika sheria, na sheria hiyo iwe na meno. Nusu ya kwanza ya dai hili Kenya imekwisha kuikubali. Nusu ya pili bado, na walioumia kwa kukosekana kwake ni watu wa kweli wenye majina na vijiji.

Vijana wa leo huiona Jumanne ya pili ya Agosti kama mvua za masika, kitu kilichokuwapo tangu zamani. Hakikuwapo. Kabla ya Katiba ya 2010, Rais aliweza kulivunja Bunge siku aliyoipenda, na nchi nzima ikabaki ikibahatisha. Rais Moi aliwahi kuiita tarehe ya uchaguzi silaha yake ya siri, wala hakusema kwa mzaha. Mwaka 1983 alituita kwenye kura mwezi wa Septemba, kabla ya Bunge lililochaguliwa Novemba 1979 kumaliza miaka yake mitano. Mwenye kalenda alikuwa tayari. Waliotaka kushindana na watu wake walikuwa bado wanatafuta nauli.

Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, hila ilihamia kwenye mchujo. Sheria ilikuwa imevipa vyama muda wa siku zisizopungua idadi fulani ili viteue wagombea wao. Mwanasheria Mkuu akabadilisha neno: siku “zisizopungua” zikawa siku “zisizozidi”. Ndugu msomaji, tazama jinsi silabi chache zinavyoweza kukichinja chama kichanga! Chama kinachotawala chenye ofisi kila tarafa kingeweza kuteua wagombea kwa siku mbili. Vyama vilivyozaliwa juzi visingeweza. Upinzani ulikwenda mahakamani, Mahakama Kuu ikalibatilisha badiliko hilo, na uchaguzi uliokuwa umepangwa tarehe 7 Desemba ukafanyika tarehe 29. Wako wanaodhani kwamba tarehe ni mambo ya makarani. Mkasa huo uwafundishe kwamba tarehe ni siasa yenyewe.

Kwa hiyo Katiba ya 2010 ilipoiandika siku ya uchaguzi mkuu waziwazi, ilimpokonya Rais silaha ile. Wakubwa hawakukaa kimya. Mwaka 2011 serikali ilileta mswada wa kuihamisha siku hiyo hadi Desemba, haukufaulu. Leo hata muuza samaki wa sokoni anajua kwamba uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na hahitaji mjumbe kutoka Ikulu kumnong’oneza. Huo ni uhuru, ingawa hauimbwi katika sikukuu.

Lakini siku ya uchaguzi mkuu ndiyo rahisi kuilinda, kwa kuwa nchi nzima inaitazama. Kipimo cha kweli ni uchaguzi mdogo, ule wa watu wachache walio mbali na kamera. Kifungu cha 101 cha Katiba hakina mafumbo: kiti cha mbunge kikibaki wazi, Spika aiarifu Tume ya Uchaguzi katika muda wa siku 21, na kura zipigwe katika muda wa siku 90 tangu kiti kilipoachwa. Mwanafunzi yeyote anayejua kuhesabu anaweza kuisimamia sheria hiyo.

Sasa tazama yaliyotokea. Machi 2023 mbunge wa Banissa, katika Kaunti ya Mandera, alifariki baada ya ajali ya barabarani. Hesabu siku 90; unafika mwisho wa Juni mwaka huo huo. Watu wa Banissa walipiga kura tarehe 27 Novemba 2025. Ni miaka miwili na miezi minane. Katika muda huo Bunge lilipitisha bajeti moja baada ya nyingine, likapandisha kodi, likagawa fedha, wala hapakuwa na mbunge wa Banissa wa kusimama na kuuliza, “Na sisi je?” Kodi walitozwa kama wengine. Huku pwani, Magarini nayo ilingoja baada ya Mahakama ya Juu kuubatilisha uchaguzi wake mwaka 2024. Ugunja ilingoja tangu mbunge wake alipoingia katika Baraza la Mawaziri mwaka huo huo. Siku hiyo moja ya Novemba viti zaidi ya 20, vya Bunge na vya wadi, vilipigiwa kura kwa pamoja, kama madeni ya mtu aliyekuwa amejificha.

Sababu tuliyopewa ni kwamba Tume haikuwa na makamishna. Ni kweli. Mwenyekiti na wenzake wawili walimaliza muda wao Januari 2023, wengine walikuwa wamekwisha kuondoka, na wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Katikati palikuwa na mazungumzo ya vyama, kesi na mabishano ya nani akae katika jopo la uteuzi. Lakini siku ya kumalizika kwa kipindi cha mwenyekiti ilijulikana tangu siku alipoapishwa! Mwalimu mkuu ambaye mwalimu wake wa hesabu anastaafu Desemba, naye Januari akawaambia wazazi kwamba hakuna hesabu kwa miaka miwili kwa kuwa kamati haijakubaliana, asingepewa hata barua ya onyo. Wazazi wangemfungia lango.

Wala wasituambie kwamba haiwezekani. Mwaka 1966 wabunge walipokihama KANU na kujiunga na KPU ya Jaramogi Oginga Odinga, Katiba ilibadilishwa upesi mwezi wa Aprili ili warudishwe kwa wapiga kura, na kufikia Juni uchaguzi mdogo ulikuwa umekwisha kufanyika, katika nchi yenye barabara za udongo na simu za kuhesabika. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilipoufuta uchaguzi wa Rais tarehe 1 Septemba, Katiba ilitoa siku 60, na tarehe 26 Oktoba vituo vilifunguliwa. Uchaguzi huo ulikuwa na kasoro na machungu mengi, lakini kalenda ilitiiwa. Basi, Ikulu ikiwa mezani, siku 60 zinatosha. Banissa ikiwa mezani, siku 900 hazikutosha. Mwenye macho haambiwi tazama.

Ugonjwa huu si wa Afrika peke yake. Marekani kila jimbo hujitungia sheria za siku za mchujo na za uchaguzi wa kujaza nafasi, na huko nako kalenda ni uwanja wa vita. Sheria ya New Hampshire inaagiza mchujo wake wa urais utangulie ile ya majimbo mengine inayofanana nao. Mwaka 2024 chama cha Democratic kilitaka South Carolina itangulie, New Hampshire ikapiga kura zake tarehe 23 Januari vilevile. Pale ambapo sheria inamwachia gavana nafasi ya kuchagua, gavana huchagua kama binadamu. Mwaka 2013 seneta wa New Jersey alipofariki, gavana aliyekuwa mwenyewe akigombea tarehe 5 Novemba aliuweka uchaguzi wa seneta tarehe 16 Oktoba, majuma matatu kabla ya wake. Texas ina siku maalumu za uchaguzi, za Mei na za Novemba. Mbunge wa Houston alipofariki Machi 2025, gavana alichagua ya Novemba, na mshindi akapatikana katika marudio ya Januari 2026. Somo ni kwamba kuandika siku mbili katika sheria na kumwachia mtu mmoja achague ipi, ni kufunga mlango na kuuacha ufunguo nje.

Wako wasemao kwamba uchaguzi mdogo ni gharama. Ni kweli, unagharimu. Lakini mbona gharama hiyo hukumbukwa kwa kiti cha mnyonge tu? Wengine husema uchaguzi mdogo huleta fujo, nao wanaitaja Novemba 2025, maana vurugu ziliripotiwa katika baadhi ya maeneo. Nami nawajibu kwamba kuwanyima watu sauti ili wasigombane si amani. Dawa ya fujo ni kuwashika wahuni na waliowalipa. Wengine tena, hasa mawakili, husema kuna dharura ambazo sheria haiwezi kuziona. Sawa: vita, mafuriko, maradhi ya kuambukiza. Hizo zitajwe, na mahakama iziamue. Uzembe wa serikali usihesabiwe kuwa dharura.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kamishna wa Tume ya Uchaguzi asiondoke kwa kumaliza muda kabla mrithi wake hajaapishwa, isipokuwa amefukuzwa kwa kosa. Kiti cha mwamuzi kisibaki kitupu uwanjani. Pili, siku 90 zikipita bila kura kupigwa kwa sababu ya Tume kukosa watu, Bunge lisijadili mswada mwingine wowote hadi pengo hilo lizibwe. Utaona jinsi jopo la uteuzi litakavyokubaliana kabla ya chakula cha mchana. Tatu, vyama vyote vinavyopiga kura za mchujo vipige siku moja, iliyoandikwa katika sheria miaka mitano mbele. Aprili 2022 Tume iliweka mwisho wa muda, vyama vikapanga siku zao ndani yake, chama hiki kaunti hii leo, kile kaunti ile kesho. Upenyo kama huo ndimo mwenye chama hupitisha rafiki zake, na wanachama hupata habari jioni.

Najua mapendekezo haya hayatawafurahisha wenye nguvu wa leo, wala hayatawafurahisha wapinzani watakapoingia madarakani kesho. Hiyo ndiyo dalili kwamba yanafaa. Anayeshindana asipewe kalenda, hata awe mtu mwema kiasi gani, kwa sababu hata mwema hupata usingizi mzito siku ya kulipa deni.

Agosti 2027 itafika yenyewe, hilo sina shaka nalo. Ninachouliza ni kuhusu kiti cha kwanza kitakachobaki wazi baada ya hapo, pengine cha wadi ndogo ambayo jina lake halijawahi kusomwa katika taarifa ya habari. Wananchi wa wadi hiyo wahesabu siku 90 ukutani, na ya tisini ikipita wasiende kuomba. Waende kudai.