Ushirikina: Istilahi au Hukumu?

Neno "ushirikina" latokana na Kiarabu "shirk", yaani kumshirikisha Mwenyezi Mungu na kinginecho. Ni hukumu ya kidini, ingawa wataalamu wetu hulitumia kana kwamba ni istilahi ya kisayansi. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Mzee huyo alikuwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri. Dawa, alisema, alioteshwa na Mungu. Je, ni mganga au mchungaji? Wanywaji (nao walikuwamo wasomi) hawakusumbuliwa na swali hilo: walimwita Babu. Wapo wagonjwa walioacha dawa za hospitali kwa kukitegemea kikombe, na hapo ndipo uchunguzi unapohitajika hasa. Lakini mtafiti atakayewaendea na "ushirikina" mdomoni hataambiwa kwa nini waliziacha.