Deni la Wakubwa, Malipo ya Mtoto

Mwaka 1847 watu wa New York, huko Marekani, walipiga kura wapate shule kuu ya bure, ya matajiri na maskini pamoja. Shule ile ilizaa nyingine, na mwaka 1961 zikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Mji. Mwaka 1970 kila kijana wa mji aliyemaliza sekondari alifunguliwa mlango. Watu weusi na wa Puerto Rico wakaingia kwa wingi. Mwaka 1975 mji ukalemewa na madeni. Mwaka 1976 wanafunzi wakaanza kutozwa ada. Ada hiyo ipo hata leo, ingawa maskini wengi husaidiwa.

Wako wanaosema: Kitu cha bure hakina heshima. Si kweli! Jonas Salk, mtoto wa jamaa isiyo na mali, alisoma pale bure. Mwaka 1955 chanjo yake ya polio ilithibitishwa, na dunia nzima ikafaidika.

Sisi twauliza: wakubwa wakikopa, kwa nini alipe mtoto, tena yule aliyefika mwisho mezani? Masomo yalipwe kwa kodi ya wote. Mji unaowafungia maskini shule unakula mbegu zake.