KUCHORA NI KAZI, SI MCHEZO



Wazazi wengi katika chama chetu husikitika mtoto akisema ataka kuishi kwa kuchora. Humjibu, "Huo ni mchezo, tafuta kazi ya maana." Sisi twaona si hivyo. Tazameni pakiti ya unga jikoni, matatu mliyopanda asubuhi, bango la dukani, kalenda ya ukutani, na katuni wanazotazama watoto wenu. Kila kimoja kimepita mikononi mwa mchoraji. Penye biashara pana kazi yake.

Tena ni kazi ya jasho. Sinema ya katuni hupitisha picha 24 kwa sekunde moja, yaani picha 1,440 kwa dakika. Hata mchoro mmoja ukitumiwa kwa picha mbili, bado ni michoro 720. Siku hizi kompyuta husaidia sana, lakini atakiwa mtu ajuaye jinsi mguu unavyokanyaga na uso unavyocheka. Wala tusiambiwe kwamba hapa kwetu haiwezekani. Katuni za watoto ziitwazo Tinga Tinga Tales, zilizoonyeshwa na BBC kuanzia mwaka 2010, zilitengenezwa Nairobi, kwa kufuata mtindo wa rangi wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania.

Basi vijana na waingie katika kazi hii, lakini wasiingie mikono mitupu. Wengi huchorea nyumbani, mmoja mmoja, na mwenye kazi huwaambia, "Chora kwanza, nikipenda nitalipa." Mwingine husema, "Sina fedha, lakini utapata jina." Ndugu, jina halinunui unga.

Kubwa zaidi ni jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yasema kwamba picha uliyochora kwa kuagizwa, au ukiwa kazini kwa tajiri, haki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyekuagiza au kwa tajiri huyo, isipokuwa mmepatana vingine. Kwa hiyo kijana akichora nembo au kikaragosi bila mapatano, kisha kikaragosi hicho kikauzwa kwenye fulana na madaftari nchi nzima, yeye atabaki kutazama tu. Neno moja katika karatasi lingemwokoa.

Kwa sababu hiyo twawashauri hivi. Kazi isianze bila karatasi yenye kutaja bei, siku ya kulipa, mara ngapi mchoro utarekebishwa, na nani atakayekuwa mwenye picha. Sehemu ya malipo itolewe kabla ya kuanza, na mchoro wa mwisho usitoke mkononi kabla fedha haijaingia. Naye aliyeandikwa kazi kwa miezi mitatu au zaidi, sheria ya kazi ya mwaka 2007 yamtaka tajiri amwandikie mkataba. Huo si upendeleo, ni wajibu wake.

Wako watakaosema kwamba wachoraji si watu wa chama. Hao hawajasikia habari za Marekani. Mwaka 1941, katika kampuni ya Walt Disney, mchoraji Art Babbitt, aliyekuwa akilipwa mshahara mkubwa, alisimama chamani pamoja na wenzake wa mishahara midogo. Alifukuzwa kazi, na mwezi wa Mei mamia ya wachoraji wakagoma wakiwa na mabango waliyoyachora wenyewe. Mwisho wake kampuni ilikubali kukitambua chama chao. Hawakushinda kwa kuchora vizuri kuliko jana. Walishinda kwa kusimama pamoja.

Na sisi tuna deni hapa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kujiunga na chama. Lakini vyama vyetu vimezoea kumtafuta mwanachama kwenye lango la kiwanda, na kijana huyu hana lango, ana kompyuta na chumba kimoja. Twataka kila tawi liwaandikishe vijana wa namna hii, liwasomee mikataba kabla hawajatia sahihi, na liwakutanishe wapatane bei ambayo hakuna atakayeshuka chini yake.

Mzazi, usimnyang'anye mwanao kalamu. Mlete chamani.