Askari Chini ya Msalaba: Je, Kosa Lilikuwa Mchezo?



Kila Ijumaa Kuu tunasikia jinsi askari walivyoipigia kura kanzu ya Yesu. Wapo wanaohitimisha kwamba michezo ni mambo ya watu wasiomjali Mungu. Mimi sikubaliani nao.

Maisha ya askari wa Kirumi yalikuwa na siku chache za vita na siku nyingi za lindo. Ndiyo maana katika ngome ya Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza, wachimbaji wamefukua mawe yaliyochorwa miraba pamoja na kete zake. Askari walicheza dadu, na pia latrunculi, mchezo unaofanana kidogo na drafti: kete ya mpinzani hutekwa ikibanwa na mbili. Walikuwa watu wenye uchovu na upweke, mbali na kwao.

Kupumzika hivyo si dhambi. Aristotle aliuhesabu uchangamfu wa kiasi katika burudani kuwa fadhila. Mtakatifu Thoma wa Akwino alikubaliana naye katika Summa Theologiae: roho nayo huchoka kama mwili, na huhitaji pumziko lake. Kwake, anayezidisha mchezo hukosea, na anayeukataa kabisa hukosea pia.

Basi askari wa Kalvari walikosea wapi? Mwinjili Yohane anasema waligawa mavazi mafungu manne, kila askari fungu lake. Juu yao mtu asiye na hatia alikuwa anakufa, nao macho yao yako kwenye nguo. Kura ile haikuwa hata burudani; ilikuwa tamaa iliyomfunika jirani.

Hapo ndipo pa kujipima. Frateri aliyepata habari za msiba anakaa peke yake, sisi tunabishania karata. Baba yuko kijiweni kwenye bao hadi usiku, mkewe anauguza mtoto. Mwingine ameinamia mchezo kwenye simu, mgeni amekaa mbele yake. Bao, karata na simu havina hatia. Swali ni kama bado tunamwona mtu.

Mathayo anaeleza kwamba akida na waliokuwa wakimlinda Yesu pamoja naye walipoliona tetemeko, walimkiri kuwa Mwana wa Mungu. Walinzi walikuwa na nafasi ya kuinua macho, hata saa ile. Nasi tunayo. Tucheze basi, ila tusisubiri tetemeko ndipo tumwone aliye kando yetu.